Maji na Makazi ya Samaki Pundamilia Maabara: Mwongozo wa Kuanzisha na Kutunza Mfumo

Samaki pundamilia, Danio rerio kwa jina la kisayansi, ni mvumilivu kupita kiasi. Kwao ni Asia Kusini, katika vijito vya mwendo wa pole, madimbwi na mifereji ya mashamba ya mpunga ya India, Bangladesh na Nepal, ambako maji hupoa na kupata joto kwa tofauti kubwa kati ya msimu na msimu. Uvumilivu huo ndio mtego wa maabara. Maji yakiharibika hafi siku hiyo. Ataendelea kula, atataga mayai machache, vifaranga watakua kwa kasi zisizolingana, na takwimu za majaribio zitayumba wiki kadhaa kabla mtu hajaokota mzoga mmoja. Kwa hiyo usimtumie samaki kama kipimo cha maji. Pima maji yenyewe.

Pia kumbuka kwamba katika mfumo wa maji yanayozunguka, mfugo wako wa kwanza ni bakteria. Samaki ni wa pili. Anayewatunza vizuri bakteria wa chujio hupata shida chache sana na samaki, na anayewasahau atahangaika na kila dawa na kila kifaa bila kujua tatizo liko wapi.

Viwango vya kulenga

- Joto: 26 hadi 28.5 °C. Kwa mayai na viinitete shikilia 28.5 °C, kwa sababu hatua za ukuaji zinazotumiwa na watafiti zilipangwa kwa joto hilo.
- pH: 7.0 hadi 8.0, penye utulivu zaidi ni kati ya 7.2 na 7.6.
- Upitishaji umeme wa maji: 300 hadi 1,500 µS/cm. Chagua kiwango kimoja, tuseme 700, ukishikilie.
- Alkalini, yaani akiba ya maji ya kuhimili asidi: 50 hadi 150 mg/L ikihesabiwa kama kalisi kaboneti.
- Ugumu wa jumla: 75 hadi 200 mg/L kwa hesabu hiyohiyo.
- Amonia huru: chini ya 0.02 mg/L.
- Nitriti: karibu na sifuri, ikifika 0.1 mg/L anza kutafuta chanzo.
- Nitrati: chini ya 50 mg/L.
- Oksijeni: zaidi ya 6 mg/L. Kwa 28 °C maji yaliyoshiba hewa hubeba takriban 7.8 mg/L tu, kwa hiyo nafasi ya kupoteza ni ndogo.
- Klorini na kloramini (klorini iliyoungana na amonia): sifuri kabisa.

Kati ya haya yote, kutobadilika ni muhimu kuliko kupatia namba kamili. Samaki aliyezoea pH 7.8 ana hali nzuri kuliko yule ambaye maji yake hurukaruka kati ya 7.0 na 7.5 kila siku kwa sababu fundi anasahihisha kwa mkono asubuhi na jioni.

Hatua ya 1: Andaa maji ya kuingia

Njia ya uhakika ni kuyachuja maji kwa mashine ya osmosisi geuzi, ambayo huyasukuma kupita kwenye utando laini na kuacha nyuma karibu chumvi zote na metali zote, kisha kuyarudishia chumvi kwa kipimo. Maji yanayotoka kwenye mashine hiyo hayafai samaki yakiwa matupu: hayana kalisi, hayana akiba ya kuhimili asidi, na pH yake huyumba kwa pumzi tu ya hewa.

Fuata utaratibu huu:

1. Jaza tangi la akiba maji yaliyochujwa. Lipitishe hewa na lipashe joto hadi lilingane na mfumo.
2. Ongeza chumvi ya bahari ya kutengenezwa, ile ya matangi ya samaki wa baharini. Anza na gramu 0.4 kwa lita, koroga saa 1, pima upitishaji umeme, kisha ongeza kidogokidogo hadi kiwango chako. Chumvi ya mezani haifai kuchukua nafasi yake, kwa kuwa haina kalisi wala magnesi.
3. Ongeza sodiamu baikaboneti ili kujenga alkalini. Gramu 1.7 huleta takriban gramu 1 ya alkalini. Kwa hiyo kupandisha lita 1,000 kwa 50 mg/L kunahitaji gramu 84.
4. Pima pH, upitishaji umeme, joto na klorini kabla ya kufungua koki ya kwenda kwa samaki. Kila mara, hata kama jana yalikuwa sawa.

Kama huna mashine hiyo na unatumia maji ya bomba, adui wa kwanza ni klorini. Klorini ya kawaida hutoka yenyewe maji yakipulizwa hewa saa 24 hadi 48. Kloramini haitoki hivyo, na ndiyo inayowaua samaki wa watu wanaoamini kuwa maji yakilala usiku yamekuwa salama. Tumia sodiamu thayosalfeti, takriban mg 7 kwa kila mg 1 ya klorini. Maji yenye klorini 1 mg/L katika tangi la lita 200 yanahitaji gramu 1.4, weka gramu 2 ili uwe na nafasi ya usalama, kisha pima. Ukivunja kloramini kwa dawa hii, amonia hubaki ndani ya maji. Chujio la bakteria lililokomaa litaimaliza ikiwa unaingiza maji kidogokidogo. Ukiyamwaga mengi kwa mkupuo, umewapa samaki sumu nyingine.

Maji ya kisima yapimwe pia chuma, shaba, zinki na nitrati. Shaba ni hatari zaidi katika maji laini, kwa kuwa kalisi huzuia sehemu ya metali hiyo isiingie kwenye matamvua.

Hatua ya 2: Panga mfumo

Mzunguko wa kawaida ni huu: maji machafu hutoka kwenye matangi kwa mfereji, hupita pedi ya kunasa mabaki, huingia kwenye chujio la bakteria, hukusanyika katika tangi la chini, husukumwa na pampu kupitia chujio laini, mkaa amilifu na taa ya urujuanimno ya kuua vijidudu, kisha hurudi kwa samaki. Mpangilio huo una sababu. Pedi iko mbele kwa sababu kinyesi na chakula kilichobaki kikifika kwa bakteria, hufunika uso wanakoishi na kula oksijeni yao. Taa iko mwisho kwa sababu miale haipenyi maji yenye chembe. Vijidudu hujificha nyuma ya uchafu na kupita wakiwa hai.

Mambo ya kuzingatia wakati wa kujenga:

Bomba na viunganishi viwe vya plastiki ya PVC au poliethilini. Usiweke shaba nyeupe wala nyekundu, wala bati lenye zinki, mahali popote maji yanapogusa, hata kiungo kimoja kidogo nyuma ya pampu. Silikoni ya kuzibia iwe ile isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Gundi ya PVC ikauke kabisa, na mfumo mpya usuuzwe kwa maji ya kupita siku kadhaa na kumwagwa.

Tangi la chini liachwe na nafasi tupu ya kutosha. Umeme ukikatika, maji yote yaliyomo kwenye mabomba hushuka kwa pamoja, na tangi lililojazwa hadi ukingoni litafurika. Jaribu kwa makusudi: zima pampu ukiwa umesimama hapo, uone maji yanaishia wapi. Ni jaribio la dakika 5.

Lita 1,000 za maji ni tani 1. Sakafu iwe ya kubeba uzito huo, iwe na mteremko na tundu la kutolea maji. Soketi zote ziwe juu ya kimo cha maji na zilindwe kwa swichi inayokata umeme pale unapovuja kwenda ardhini.

Pasha joto chumba badala ya kutegemea hita za majini peke yake. Chumba cha 27 °C hufanya hita zifanye kazi ndogo, na zikiharibika samaki hawapati mshtuko. Penye hita, weka mbili ndogo badala ya moja kubwa. Hita iliyokwama ikiwa imewaka ni mbaya kuliko iliyokufa: iliyokufa hupooza maji polepole, iliyokwama hupika mfumo mzima usiku mmoja. Hita mbili ndogo haziwezi kufanya hivyo kirahisi. Kidhibiti joto kiwe na kipima chake mbali na hita yenyewe.

Taa ya urujuanimno ibadilishwe kila baada ya saa 8,000 hadi 9,000 za kuwaka, yaani karibu mwaka. Itaendelea kung'aa bluu baada ya hapo, lakini nguvu yake ya kuua vijidudu itakuwa imeshuka, na jicho haliwezi kuona tofauti. Osha pia kioo kinachoizunguka. Tabaka jembamba la chokaa hula miale.

Hatua ya 3: Komaza chujio la bakteria

Hapa ndipo haraka huua. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua. Kundi moja la bakteria hugeuza amonia kuwa nitriti, na kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo na huondolewa kwa kubadilisha maji. Makundi yote mawili hukua pole sana. Mfumo mpya huhitaji wiki 4 hadi 8, na la pili daima huchelewa nyuma ya la kwanza.

Komaza bila samaki:

1. Endesha mfumo kwa joto la kawaida, pH 7.5 hadi 8, alkalini isipungue 100 mg/L. Zima taa ya urujuanimno na toa mkaa kwa wakati huu.
2. Ongeza amoniamu kloridi hadi amonia ifike takriban 2 mg/L kwa hesabu ya nitrojeni. Kwa lita 1,000 hiyo ni gramu 7.6.
3. Ukiweza, weka kiasi cha vipande vya chujio kutoka mfumo uliokomaa, lakini tu kama mfumo huo umethibitishwa hauna magonjwa. Vinginevyo tumia bakteria wa kununua, au subiri waje wenyewe.
4. Pima amonia na nitriti kila siku ya pili. Amonia itashuka, nitriti itapanda juu sana, kisha nayo itaanguka. Amonia ikiisha, rudisha dozi.
5. Mfumo umekomaa pale dozi nzima ya 2 mg/L inapokwisha ndani ya saa 24, na nitriti pia ikawa sifuri, mara 3 mfululizo.
6. Badilisha sehemu kubwa ya maji ili kushusha nitrati, washa taa, rudisha mkaa, kisha ingiza robo ya samaki. Subiri wiki 2 kabla ya kuongeza robo nyingine, ukipima kila siku.

Wengi husimama kwenye namba ya 4 ya orodha hiyo, amonia inapofika sifuri kwa mara ya kwanza, wakadhani kazi imekwisha. Hapo nitriti ndiyo kwanza iko kileleni.

Chujio lililokomaa lisioshwe kwa maji ya bomba wala lisiachwe likauke. Mabaki yakizidi, lisuuze kwa maji ya mfumo wenyewe, sehemu moja leo, nyingine baada ya wiki 2.

Amonia, pH na alkalini ni habari moja

Vifaa vingi husoma amonia ya jumla. Kinachoua ni sehemu yake iliyo huru, na ukubwa wa sehemu hiyo huamuliwa na pH na joto. Kwa 28 °C, pH ikiwa 7.0, sehemu huru ni karibu asilimia 0.7. Kwa 7.5 ni asilimia 2.2. Kwa 8.0 ni asilimia 6.5. Sasa chukua maji yenye amonia ya jumla 0.5 mg/L. Kwa pH 7.0 amonia huru ni 0.0035 mg/L, salama. Kwa pH 8.0 ni 0.033 mg/L, imepita mpaka. Kipimo cha amonia hakijabadilika hata kidogo, lakini samaki wanaungua matamvua. Ndiyo maana, amonia ikiwapo ndani ya maji, kupandisha pH kwa haraka ni kosa kubwa hata kama pH iko chini ya lengo. Kwanza badilisha maji, ondoa amonia, ndipo urekebishe pH.

Upande wa pili wa habari hiyo ni asidi. Bakteria wakigeuza gramu 1 ya nitrojeni ya amonia hutumia takriban gramu 7.1 za alkalini. Tuchukue mfumo wa lita 1,000 wenye samaki 5,000 wa gramu 0.5, wanaolishwa asilimia 3 ya uzito wao kwa siku. Hiyo ni gramu 75 za chakula. Kikiwa na protini asilimia 50, kitatoa karibu gramu 3.5 za nitrojeni ya amonia, na kuitengua kutakula gramu 25 za alkalini, yaani 25 mg/L kila siku. Ukianza na akiba ya 75 mg/L na usirudishe kitu, siku ya 3 umekwisha. Kinachofuata ni cha ghafla: pH iliyokuwa imetulia inaporomoka usiku mmoja hadi chini ya 6.5, bakteria wanapunguza kazi, amonia inaanza kujilimbikiza. Kisha mtu anakuja asubuhi, anaona pH chini, anamimina baikaboneti nyingi, na amonia yote iliyojilimbikiza inageuka sumu kwa mkupuo. Mizoga ya siku hiyo haikuuawa na asidi. Iliuawa na dawa.

Kwa mfumo huo rudisha takriban gramu 42 za sodiamu baikaboneti kwa siku, ukitoa kile kinacholetwa na maji mapya, na uzigawe saa 24 kwa pampu ya matone. Mmumunyo wa gramu 60 kwa lita huyeyuka bila shida. Mdomo wa matone uwe mbali na kipima pH, la sivyo kipima kitasoma mmumunyo badala ya maji. Weka pia kikomo cha dozi kwa siku kwenye kidhibiti. Kipima kilichozeeka huweza kusoma chini ya ukweli, na pampu isiyo na kikomo itaendelea kumimina hadi chupa iishe.

Badilisha asilimia 10 ya maji ya mfumo kila siku, polepole na mfululizo. Hii ndiyo njia ya kutoa nitrati. Hakuna sehemu nyingine ya mfumo wa kawaida inayoiondoa.

Hatua ya 4: Matangi, idadi na mwanga

Matangi ya polikaboneti ya lita 1.5, 3.5 na 8 hivi ndiyo yaliyozoeleka. Lililo zuri huingiza maji mbele na kuyanyonya kutoka chini kwa nyuma, ili kinyesi kiondoke chenyewe. Mtiririko wa kubadilisha maji ya tangi mara 4 hadi 6 kwa saa unatosha samaki wakubwa; kwa lita 3.5 hiyo ni takriban mililita 230 hadi 350 kwa dakika. Pima kwa silinda na saa ya mkononi, tangi kwa tangi, kwa sababu yaliyo mwisho wa rafu mara nyingi hupata kidogo.

Samaki 5 kwa lita ni idadi nzuri kwa wanaotaga. Hadi 10 kwa lita inawezekana mtiririko ukiwa thabiti, lakini chujio lihesabiwe kwa mzigo huo. Uchache nao una madhara. Huyu ni samaki wa kundi. Akiwekwa peke yake hupata msongo, na wawili ni idadi mbaya vilevile kwa kuwa mmoja humtawala mwenzake, humfukuza na kumnyima chakula. Inapolazimu kuwatenganisha kwa ajili ya vinasaba, weka matangi yao yaonane.

Mwanga uwe saa 14, giza saa 10, kwa saa ya kuwashia yenyewe. Uso wa maji upate takriban lux 54 hadi 324. Giza liwe giza kweli: taa za vifaa na mwanga wa korido unaopenya mlangoni huvuruga utagaji, kwa sababu samaki hawa hutaga alfajiri taa zinapowaka. Kifuniko ni lazima, wanaruka vizuri. Picha ya changarawe chini ya tangi na jani la plastiki ndani yake vinawafaa, na jani huwapa wanyonge mahali pa kujificha.

Lisha mara 2 au 3 kwa siku, kiasi kinachokwisha ndani ya dakika 5. Chakula kinachobaki chini ni amonia ya kesho.

Hatua ya 5: Mayai na vifaranga

Viinitete hukaa kwenye sahani za sm 10, wasiozidi 60 kila sahani, katika maji maalumu ya viinitete. Mmumunyo mzito wa mara 60 hutengenezwa kwa lita 1 hivi: sodiamu kloridi gramu 17.5, potasiamu kloridi gramu 0.76, kalisi kloridi yenye maji mawili gramu 2.9, magnesi salfeti yenye maji saba gramu 4.9. Chukua mililita 17, jaza hadi lita 1, rekebisha pH iwe 7.2. Ondoa waliokufa kila siku bila kukosa. Kiinitete kimoja kinachooza humaliza oksijeni ya sahani nzima. Kwa 28.5 °C wengi huanguliwa siku ya 3.

Siku ya 5 kifaranga hana budi kufika juu ya maji na kumeza hewa ili kibofu chake cha kuelea kijae. Utando wa mafuta juu ya maji, unaotokana na chakula cha unga au na mikono, humzuia. Vifaranga wengi wakilala chini wakihangaika siku ya 6, tazama uso wa maji kabla ya kulaumu kizazi. Upanguse kwa karatasi safi na uweke maji ya kina kifupi.

Kuanzia siku ya 5 hadi ya 9 njia yenye mafanikio ni kuwaweka pamoja na rotifa, wanyama wadogo sana wa majini ambao ni chakula chao, katika maji ya chumvi gramu 5 kwa lita, bila mtiririko, wasiozidi 100 kwa lita. Chakula huogelea kote saa 24 na maji hayachafuki haraka. Baada ya hapo fungua tone la pole, weka wavu wa mikromita 400 kwenye mdomo wa kutokea, na anza kutoa Artemia (kamba wadogo wa maji ya chumvi) walioanguliwa, baada ya kuwasuuza chumvi na maganda.

Kupima: nini na lini

Kila siku: joto, pH, upitishaji umeme, kimo cha tangi la chini, mlio wa pampu, hesabu ya waliokufa kwa kila rafu. Kila wiki: amonia, nitriti, nitrati, alkalini, oksijeni. Ugumu mara moja kwa mwezi unatosha. Mfumo ulio chini ya miezi 3, pima amonia na nitriti kila siku.

Kipima pH kisahihishwe kila wiki kwa mimumunyo ya 7 na 10, na kile cha upitishaji umeme kwa mmumunyo wa 1,413 µS/cm kila mwezi. Chukua sampuli saa ileile kila mara, kabla ya kulisha, na uandike namba yenyewe badala ya "sawa". Mwelekeo wa wiki 3 huonyesha tatizo ambalo kipimo cha leo hakiwezi kuonyesha.

Dalili na vyanzo vyake

*Samaki wako juu, wanapumua haraka.* Pima oksijeni kwanza, kisha nitriti. Nitriti hufanya damu ishindwe kubeba oksijeni, hata maji yakiwa nayo tele, na matamvua huwa ya kahawia. Chumvi ya sodiamu kloridi husaidia papo hapo kwa sababu kloridi hushindana na nitriti kuingia kwenye matamvua. Wakati huohuo punguza chakula na ubadilishe maji.

*Vipovu chini ya ngozi, kwenye mapezi au jichoni.* Maji yamejaa gesi kupita kiasi. Karibu kila mara ni hewa inayonyonywa na pampu kupitia kiungo kilicholegea upande wa kuvuta, au kimo cha tangi la chini kimeshuka hadi mdomo wa pampu. Hewa ikisagwa kwa shinikizo huyeyuka yote, kisha hutoka ndani ya mwili wa samaki. Kaza viungo, jaza tangi, ongeza mawe ya hewa mahali palipo wazi ili gesi itoke.

*Wote wanakufa ndani ya saa chache.* Klorini, shaba, au joto. Funga maji ya kuingia kabla ya kufanya jambo jingine lolote.

*Wanakonda, migongo inapinda, mmoja mmoja, miezi kwa miezi.* Shuku maambukizi ya bakteria Mycobacterium au kimelea Pseudoloma neurophilia, na upeleke samaki kadhaa kupimwa tishu. Spora za Pseudoloma huvumilia klorini na miale kuliko bakteria wengi, kwa hiyo usitegemee taa ya urujuanimno kuzimaliza. Mycobacterium marinum huweza kuingia kwa binadamu kupitia jeraha la mkono. Mwenye mkwaruzo avae glavu.

*Umeme umekatika.* Acha kulisha. Samaki 5 kwa lita wataweza saa kadhaa, lakini bakteria ndani ya chujio lililofungwa bila maji kupita humaliza oksijeni mapema zaidi. Umeme ukirudi baada ya muda mrefu, usiyarudishe kwa samaki maji yaliyosimama ndani ya chujio. Yamwage, harufu yake itakueleza kwa nini, na upime amonia na nitriti siku 3 mfululizo.

Hatua ya 6: Kupokea samaki wapya

Bora upokee mayai, uyaoshe kwa klorini hafifu, na uwalee vifaranga katika chumba tofauti. Samaki wakubwa waliopokelewa wasiingie kamwe kwenye mfumo mkuu. Wakae karantini angalau siku 30, watage humo, na watoto wao ndio waendelee. Nyavu, ndoo na mfereji wa karantini viwe vyake peke yake, na chumba hicho kihudumiwe mwisho wa siku.

Mfuko wa safari una kanuni yake. Ndani yake samaki wametoa kabonidioksidi, pH imeshuka, na amonia nyingi iliyojikusanya imebaki katika hali isiyodhuru sana. Ukiufungua, gesi hutoka na pH huanza kupanda palepale. Kwa hiyo uelee ukiwa umefungwa dakika 20 hadi 30 hadi joto lilingane. Kisha ufungue, wachote samaki kwa wavu na uwahamishe mara moja kwenye maji safi. Kuongeza maji ya tangi kidogokidogo ndani ya mfuko uliofunguliwa, kama ilivyozoeleka, huwaacha katika amonia inayozidi kuwa kali. Maji ya mfuko yatiwe dawa na kumwagwa nje ya mfumo.

Baada ya watoto wa samaki hao kuingia mfumo mkuu, acha tangi moja la samaki walinzi linalopokea maji machafu yasiyopita chujio wala taa, moja kwa moja kutoka kwenye mfereji wa kukusanyia. Wakae humo miezi 3 hadi 6, kisha wapimwe magonjwa na wengine wawekwe badala yao. Tarehe ya kuwaweka na ya kuwatoa iandikwe kwenye tangi lenyewe.